Mama alikunywa maji, mbuzi wakala karoti

KARATU. Saa kumi na mbili asubuhi, jiko la lodji moja kando ya barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro limeshachangamka. Nashipai Lekoko amekaa juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, beseni kubwa la karoti limewekwa katikati ya miguu yake. Anamenya. Mkono unakwenda wenyewe, macho yapo dirishani, anatazama ukungu unavyoshuka kutoka msituni.

Karoti za kwanza ni za juisi. Zinazofuata zinakatwa vijiti virefu, zinafungwa kwenye karatasi laini na kutiwa ndani ya lanchi boksi, yale makasha ya chakula ambayo watalii hubeba wanaposhuka kreta, lile bonde kubwa la wanyama. Nje, madereva wameshawasha magari na wanagombana kwa utani nani apakie wa kwanza.

“Hizi ninazomenya, saa tatu zitakuwa zimeshavuka geti,” anasema Nashipai bila kuinua kichwa. “Zinaingia Ngorongoro kila siku ya Mungu. Ningekuwa karoti, kaka mwandishi, kila asubuhi ningekuwa nafika upande wa kwa mama.”

Anacheka kidogo, halafu anaacha ghafla na kusogeza beseni karibu.

Mama yake, Sintamei, anaishi kwenye boma moja nje ya Endulen, ng'ambo ya kreta, ndani ya hifadhi. Ana kisukari na presha. Tangu Pasaka iliyopita haoni kabisa. Nashipai anaamini kwamba upofu huo una mkono wake ndani, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, si muuguzi, si mumewe, wala si mwandishi wa makala haya.

Kwenye meza ya wageni, mbele ya jagi la juisi, kuna kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa Kiingereza. Nashipai aliishia darasa la saba na Kiingereza chake ni cha jikoni, kwa hiyo siku moja alimwomba mhudumu amsomee. Kibao kinasema kinywaji hicho cha karoti na machungwa ni kizuri kwa moyo na macho.

“Ndicho kilichoniponza,” anasema.

Wageni wengi hunywa nusu glasi na kuondoka. Inayobaki humwagwa kwenye ndoo pamoja na maganda na vijiti vilivyochubuka, na ndoo hiyo huchukuliwa na mfugaji wa nguruwe wa jirani. Wafanyakazi hawaruhusiwi kutoka na chakula, kiwe kibichi au kiwe makombo, na mkoba hufunguliwa kwenye geti la lodji kabla mtu hajaenda nyumbani. Chakula chao wao ni ugali, maharage na kabichi iliyochemshwa mpaka imekata tamaa.

“Nguruwe wa huku Karatu wanaona vizuri sana,” anasema Nashipai. Wenzake jikoni wanacheka. Wameshausikia utani huo mara nyingi, na bado wanacheka, kwa sababu hawajui la kufanya jingine.

Nashipai ana miaka thelathini na sita na watoto watatu. Mshahara wake ni shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, na hana manung'uniko nao sana, maana wapo wanaochuma kahawa kwa kidogo zaidi. Aliolewa na Zablon, Mwiraqw wa kijiji cha Rhotia, hapo hapo Karatu, mkulima wa mahindi na mbogamboga. Ndoa hiyo ilizua kelele. Kwao Nashipai, Wamaasai wafugaji, mtu anayechokoa ardhi kwa jembe alikuwa mtu wa kuhurumiwa, na binti wa mwenye ng'ombe kwenda kupika kwa mtu wa namna hiyo lilikuwa jambo la kushika tama.

“Kaka yangu alisema nimekwenda kuolewa na wachimba udongo,” anakumbuka. “Zablon akalipa ng'ombe wote waliotajwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanyamaza. Lakini jina la mchimba udongo halikufutika.”

Wakati huo boma la kwao lilikuwa na ng'ombe wa kutosha kuziba njia wakirudi jioni. Sintamei alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, maarufu kwa samli yake. Maziwa yalikuwapo asubuhi na jioni. Mahindi yalinunuliwa, lakini yalikuwa ya kusindikiza.

Kisha ukaja ule ukame wa miaka michache iliyopita. Ng'ombe walianza kulala na kushindwa kuamka. Wanaume waliwashika mikia na pembe kuwanyanyua, wakawasimamisha, na wakaanguka tena upande wa pili. Mvua iliporudi, lililobaki kwa akina Nashipai lilikuwa kundi la mbuzi na ng'ombe wachache wasiotosha maziwa ya watoto.

Chakula kikageuka bila mtu kukaa kikao. Asubuhi chai ya rangi yenye sukari nyingi, mchana ugali mkavu au uji, usiku ugali tena na chai ya kuushushia. Sukari ilikuwa ndiyo ladha pekee iliyosalia. Sintamei alianza kukonda, akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na kidonda kidogo cha mguuni kikagoma kufunga. Alipopelekwa kliniki alikutwa na kisukari ambacho hakuna ajuaye kilikuwa kimekaa muda gani.

Alipewa vidonge. Akaambiwa na muuguzi apunguze sukari na ugali, ale mboga za majani, karoti, maboga, viazi lishe na matunda. Nashipai alikuwepo, ndiye aliyetafsiri.

“Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa Kimaa: huyu binti anataka nile nyasi, na ng'ombe wale nini?” anasema Nashipai. “Muuguzi akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema asante.”

Hapo ndipo mambo yalipofunga pande zote mbili.

Ndani ya hifadhi kulima ni marufuku. Si ekari, si tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba. Sababu zake zinajulikana na zimeandikwa vitabu kwa vitabu, na mwenye tembo na nyati wa kuwalinda anaweza kuzitetea vizuri. Ila mwanamke mwenye kisukari anayeambiwa ale mboga, na akakatazwa kuipanda, na sokoni mboga inafika kwa gari siku barabara ikiwa imekauka, huyo anabaki na karatasi ya ushauri mkononi. Mwandishi huyu amejaribu kuliangalia jambo hilo kwa utulivu na utulivu umemshinda.

Nashipai aliwahi kupeleka gunia. Karatu wanawake wengi hupanda sukuma wiki kwenye magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yamesimamishwa ukutani, na akaona gunia si shamba. Kaka yake, Lemayian, ndiye mwenye boma tangu baba yao afariki. Alilitazama gunia lile, akalifungua, akamwaga udongo nje ya uzio.

Alipoulizwa na mwandishi, Lemayian hakuona haya. “Wakinikuta na mchicha, mimi ndiye nitakayeitwa, siyo dada yangu wa Karatu,” alisema kwa Kiswahili cha kuchagua maneno. “Na wazee wa rika la baba watasema mtoto wa fulani sasa analima. Nilikuwa na ng'ombe, sasa sina. Unataka na jina nalo niligawe?”

Basi Sintamei angehamia Karatu, kwenye karoti na maboga ya mkwewe. Hili nalo halikuwezekana, na hapa msomaji asiyejua mila za Wamaasai anahitaji kuelezwa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Ni heshima kubwa, haina ugomvi ndani yake, na mama anayeivunja huonekana amemvua mkwewe nguo.

“Nina miaka kumi na minne kwenye ndoa, na sura ya mkwe wangu naijua kwa picha ya kwenye simu tu,” anasema Zablon, ambaye kwao Wairaqw jambo hilo halina uzito huo. “Nikienda kule nakaa ng'ambo ya zizi. Yeye anapita nyuma ya nyumba. Tunasalimiana kwa kuwatuma watoto. Mwanzoni nilidhani ananichukia. Baadaye nikaelewa kwamba ananiheshimu mpaka basi.”

Zablon alijitolea kumjengea chumba cha pembeni, chenye mlango wake. Sintamei alikataa kwa simu. Choo ni kimoja, bomba ni moja, uwanja ni mmoja. “Nitakuwa namkimbia mkwe wangu kila nikienda kujisaidia?” aliuliza. “Hiyo itakuwa michezo ya watoto.”

Ikabaki njia moja, nayo ni karoti kusafiri. Zablon alizichimba, Nashipai akazifunga kwenye mfuko wa salfeti, na dereva wa Landkruza linalokwenda Endulen akazipeleka mpaka kwa Lemayian. Maboga yalikuwa mazito na dereva aliyakataa. Mchicha ulifika umenyauka. Karoti zilivumilia safari.

Lakini Nashipai alimjua mama yake. Akimwambia hii ni mboga, zitaishia kwa mbuzi. Akakumbuka kile kibao cha mezani, cha moyo na macho. Akapiga simu.

“Nikamwambia, yeyo, mama yangu, hii ni dawa. Ni mzizi mzuri sana kwa macho na kwa damu. Wazungu wanaununua kwa hela nyingi. Usiukose hata siku moja,” anasimulia. “Sikudanganya, au nilidhani sidanganyi. Nilitaka tu ale.”

Sintamei akakubali mara moja. Mzizi wa dawa ulikuwa kitu anachokijua tangu utotoni. Nashipai alifurahi mpaka akamwambia kila mtu jikoni, na kwa miezi mingi mfuko wa salfeti ulikwenda na kurudi mtupu. Kila alipopiga simu, mama alisema dawa anaitumia vizuri.

Mwezi wa Desemba alipata likizo na kwenda Endulen mwenyewe. Alifika mchana. Nyuma ya nyumba ya mama yake aliwakuta watoto wa mbuzi wanasukumana juu ya kitu cha rangi ya machungwa kilicholainika. Aliinama akatazama. Zilikuwa karoti zake, zimechemshwa, nzima nzima, zimemwagwa chini.

Ndani, Sintamei alimkaribisha kwa furaha, akachota kikombe kutoka kwenye sufuria iliyokuwa jikoni na kumkabidhi. “Onja dawa yako,” alimwambia. “Nakunywa asubuhi na jioni, sijakosa.”

Yeyote aliyekulia kwenye boma ataelewa kilichotokea. Mizizi na magome ya dawa huchemshwa kwa muda mrefu, mgonjwa hunywa maji au huyachanganya na supu, na mzizi wenyewe uliochemka hutupwa. Hakuna anayetafuna mzizi wa dawa. Sintamei aliambiwa huu ni mzizi wa dawa, akaufanyia kile ambacho mama yake na bibi yake walifanyia mizizi yote. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wagonjwa wote wa kliniki ile.

“Nilitaka kupiga kelele,” anasema Nashipai. “Alikuwa ananiangalia na tabasamu kubwa, anasubiri niseme. Nikayanywa yale maji. Yalikuwa matamu kidogo, hayana kitu. Nikamwambia ni mazuri.”

Halafu akauliza vidonge viko wapi. Sintamei alionyesha juu, kwenye mti wa paa, ambako mfuko wa kliniki ulikuwa umening'inizwa, umeingia moshi na masizi. Ulikuwa karibu umejaa. Tangu karoti za kwanza zifike, hakuwa amemeza hata kimoja, maana kwa mazoea yake mtu akianza dawa ya mizizi huiacha ya hospitali, ili zisigombane tumboni. Binti yake mwenyewe alikuwa amemwambia ameleta dawa iliyo bora zaidi. Kwa nini ahangaike na zile chungu?

Nashipai alimpeleka kliniki kesho yake. Sukari ilikuwa juu vibaya. Sintamei alikiri kwamba kwa muda fulani alikuwa anaona mawingu meusi yakielea mbele ya jicho la kushoto, ila hakusema kwa sababu alidhani dawa ndiyo inasafisha uchafu. Walipewa rufaa kwenda kwa daktari wa macho mjini. Barabara, mvua, nauli na foleni vikala wiki kadhaa, na walipomfikia, alisema mishipa ya nyuma ya macho yote mawili ilikuwa imeshavuja na kuharibika.

“Muuguzi hakunigombeza,” anasema Nashipai. “Ningependa angenigombeza.”

Elieshi ni afisa lishe anayezunguka vijiji vya Karatu, mwanamke mpole anayebeba mchicha kwenye mkoba kama mwalimu anavyobeba chaki. Nashipai alimfuata baada ya yote hayo, akitaka kujua kama angalau lile wazo lake lilikuwa na maana. Mwandishi naye alimfuata kwa sababu hiyo hiyo.

Elieshi anaeleza kwamba rangi ya karoti, boga, viazi lishe na papai inatokana na kundi la viini vinavyoitwa karotenoidi. Mchicha na majani ya maboga navyo vinazo tele, isipokuwa ukijani umezifunika. Baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Watafiti waliofuatilia watu kwa miaka mingi wameona mara kwa mara kwamba wale wanaokula vyakula hivi kwa wingi hupata magonjwa ya moyo, kisukari na baadhi ya saratani kwa kiwango kidogo zaidi.

“Lakini naomba uandike na upande wa pili,” anasema. “Ni chakula, na kinafanya kazi kwa miaka, mdogo mdogo, pamoja na mambo mengine. Waliojaribu kukitia kwenye kidonge hawakupata matokeo hayo, na kwa wavuta sigara kidonge kilileta madhara. Mtu mwenye kisukari akiacha dawa yake akategemea karoti, karoti haitamwokoa.”

Na yale maji? Karotenoidi haziyeyuki kwenye maji. Zinapenda mafuta. Ukichemsha karoti ukamwaga maji, umemwaga kidogo tu. Ukinywa maji ukatupa karoti, umetupa karibu zote. “Angezila zile zilizochemka, na kijiko cha samli, angekuwa amekula vizuri kuliko wageni wa lodji wanaokunywa juisi tupu,” anasema. “Mbuzi wale walipata mlo mzuri.”

Alimwambia Nashipai pia kwamba macho ya mama yake yaliharibiwa na sukari isiyotibiwa, na kwamba huenda yangeharibika hata hivyo, maana ugonjwa ulichelewa kujulikana. Nashipai alisikiliza akaitikia kwa kichwa. Alipotoka nje alimwambia mumewe kwamba dada Elieshi ana moyo mzuri.

Siku yake ya mapumziko, Nashipai anakwenda Endulen, na safari hii mwandishi yupo naye. Sintamei amekaa mlangoni kwake, shuka la buluu mabegani, shanga shingoni zimevaliwa kwa mpangilio ule ule wa zamani, ingawa sasa anazipanga kwa kupapasa. Anageuza sikio kabla hatujafika. Nashipai anainamisha kichwa, mama anamgusa utosini na kuyashikashika masikio yake, kisha mashavu, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

Nashipai anatafsiri. Mwandishi anamuuliza Sintamei kama anamlaumu mtu yeyote.

“Nimlaumu nani?” anasema. “Zamani sikula majani na nilikuwa na macho ya kuona mbuzi mlima wa pili. Ng'ombe ndiye aliyekuwa ananilia. Alikula majani mabichi, mimi nikanywa maziwa, nikapika samli ya njano. Ng'ombe wamekufa, sasa mnataka nile mwenyewe, na mimi sijui kula majani. Hakuna aliyenifundisha.”

Mwandishi alikuja kumuuliza Elieshi juu ya maneno haya baadaye. Alisema mama yule yuko sawa kwa sehemu kubwa: unjano wa samli ya ng'ombe anayelishwa malishoni ni karotenoidi zile zile, zimepitia kwa ng'ombe.

Lemayian anatoka zizini, anasimama pembeni na fimbo yake begani. Tangu mama apofuke yeye na mkewe ndio wanaompeleka kujisaidia, wanaompa vidonge, wanaokoroga chai bila sukari na kusikiliza malalamiko yake. Amechoka na hafichi. Anasema hajalala vizuri tangu Pasaka, na kwamba mfuko wa karoti ukifika siku hizi anazipondaponda mwenyewe kwa mwiko na kutia mafuta, jambo ambalo hakuna mwanamume wa rika lake anayepaswa kulijua.

Sintamei anaanza kusema tena, safari hii kwa sauti ya chini, akimwelekea binti yake. Anasema maneno machache. Nashipai anafungua mdomo kutafsiri, haendelei. Anainuka, anakwenda kusimama nyuma ya nyumba, pale ambapo mbuzi wanalala kivulini.

Ni Lemayian anayemalizia.

“Mama anasema Zablon ajenge kile chumba,” anasema, akitazama chini. “Anasema atakwenda Karatu. Zamani aliogopa kumwona mkwe. Anasema sasa hawezi kumwona mtu, kwa hiyo hawezi kumkosea heshima.”

Sintamei anauliza kwa Kimaa kama mgeni ameelewa, na Lemayian anamjibu kwamba ameelewa.

Zablon ameshaanza. Msingi umechimbwa upande wa chini wa shamba lake Rhotia, karibu na maboga, na tofali za kuchoma zimepangwa na kufunikwa majani ya migomba. Anataka paa liwe limekaa kabla ya mvua za vuli. Amechimba na choo kingine, mbali na cha familia, na uzio wa michongoma unaokizunguka ameshaupanda, ingawa kila mtu amemwambia hauna haja tena.

“Yeye hanioni, lakini mimi namwona,” anasema Zablon. “Nusu ya heshima ni yangu.”

Jioni, ndani ya gari la kurudi Karatu, Nashipai amekaa dirishani. Chini kushoto kreta inafunikwa na kivuli, na magari ya watalii yanapanda moja moja kuwahi geti lisifungwe. Anazungumza polepole, akihesabu mambo ya kufanya: godoro, blanketi zito kwa baridi ya Rhotia, sufuria ndogo ya mama peke yake. Anasema atapanda mchicha na majani ya maboga mlangoni kabisa. Samli atainunua kwa Lemayian, ile kidogo itakayopatikana kwa ng'ombe wale wachache, na neno dawa hatalitamka tena nyumbani kwake.

Mwandishi anamuuliza, kwa kuwa ni lazima kuuliza, kama bado kuna maana ya kuhangaika na rangi za mboga wakati macho yameshakwenda.

“Macho yamekwenda, basi,” anasema Nashipai. “Lakini walimpima, wakasema figo bado ziko sawa. Moyo nao upo. Nitampikia kwa ajili ya hivyo vilivyobaki, na nitakaa hapo hapo nihakikishe anatafuna.”